Chumvi ya Bi Mauza

Bi Mauza alianza kuogopa asubuhi alipoikuta miwani yake ndani ya gunia la pilipili manga. Nilikuwa dukani kwangu napanga mabeseni, nikamsikia anacheka peke yake, halafu kicheko kikakatika. Nilipochungulia nilimkuta amekaa kwenye kigoda, miwani kaishika kwa mikono miwili, anaiangalia kama kitu cha mtu mwingine. Nikamtania kwamba siku hizi pilipili za Kariakoo nazo zinasoma magazeti. Hakucheka. Aliniuliza kama bado namkumbuka mama yake.

Nani katika mtaa wetu asiyemkumbuka Bi Anfal? Nilipoletwa Dar kutoka Kibosho, kwetu Uchagani, nikiwa bibi harusi, hata kuvuka Barabara ya Msimbazi sijui, ni yeye aliyenikaribisha na sinia la visheti, akamwambia marehemu mume wangu Polycarp kwamba mke hafungiwi stoo pamoja na ndoo. Alikuwa Mwarabu wa zamani, sauti kubwa, mkono mwepesi wa kutoa. Duka la viungo lilikuwa lake kabla halijawa la binti yake. Nyumba nayo ni ile ile, ya chini, yenye mlango wa mbao na baraza ya saruji, ukuta mmoja na duka langu la vyombo vya plastiki. Maghorofa yameizunguka pande zote, jua linaifikia saa sita mchana tu.

Lakini Bi Anfal wa mwisho hakuwa yule. Alisimama barazani akiwauliza wapita njia kama wamemwona mumewe, eti ametoka mara moja kwenda Buguruni, na mume mwenyewe alishazikwa zamani. Alichemsha maji matupu, akayamimina vikombeni, akawakaribisha watu chai. Na nyumba nzima ikanywa. Walikunywa maji ya moto yasiyo na majani wala sukari, wakamwambia chai tamu, Mama, Mungu akuweke. Siku moja akili ilimrudia kidogo, akaonja kikombe chake mwenyewe. Akamgeukia Bi Mauza akamwuliza, "Hata wewe unanidanganya?" Halafu akapotea tena, na hakurudi mpaka alipokufa.

Hilo ndilo Bi Mauza alilokuwa akiliogopa. Kufa hakumsumbui. Sanda yake imo kabatini, imefukizwa udi. Alichoogopa ni kubaki hai katikati ya watu wanaomwambia ndiyo, ndiyo. Asubuhi ile ya miwani alinivuta mkono mpaka nikainama.

"Mama Steven," akasema, "wanangu watanidanganya, kwa sababu wananipenda. Wewe mdomo wako naujua. Siku ukiona nimepungua, niambie usoni."

Nikamwambia hilo wala haliombwi, mtaa mzima unajua kwamba mimi neno silali nalo. Nikarudi kwenye mabeseni yangu. Ila siku hiyo mteja aliyetaka ndoo za lita kumi nilimpa za ishirini.

Kuanzia hapo Bi Mauza akaingia vitani. Alikuwa na redio ndogo juu ya rafu ya mdalasini, na jioni kulikuwa na kipindi ambacho daktari fulani alieleza jinsi ya kuutunza ubongo. Alichosema jioni, asubuhi kwa Bi Mauza kilikuwa sheria. Sukari ikatoka kwenye kahawa. Chumvi ikapunguzwa, kwa sababu inapandisha presha, na presha inaumiza mishipa ya kichwa. Samli ikafichwa, mchicha ukaingia, na samaki wa soko la Feri wakapikwa mfululizo mpaka paka wa mtaa wa pili wakahamia kwetu. Alikwenda kupima presha, ikakutwa juu, akapewa vidonge vyake na akavimeza kila siku bila kukumbushwa. Daktari wa redioni aliposema ubongo unapenda kujifunza kitu kipya, Bi Mauza alikuja dukani kwangu akatangaza kwamba anataka kujifunza Kichaga.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamfundisha kusema aika, yaani asante, na tangu siku hiyo wabeba mizigo wote wakawa wanashukuriwa kwa Kichaga na bibi wa Kiarabu aliyevaa buibui. Wazaramo wanaosukuma mikokoteni walizoea, wakawa nao wanaitikia aika. Maneno mengine hayakumkaa sana. Hilo moja lilimkaa.

Na tulikuwa tunatembea. Kila alfajiri, yeye akishasali na mimi nikishasali zangu, tulishika njia mpaka bustani ya Mnazi Mmoja na kurudi. Kariakoo saa hizo malori ya mikoani yanashusha vitunguu, mama ntilie wanapuliza mkaa, wamachinga wanatandika nguo chini. Bi Mauza alikuwa amejitungia mtihani. Kila tulipopita mbele ya ghorofa alitaja duka lililokuwepo pale kabla ghorofa halijajengwa, na mwenye duka, na alichouza. Hapa palikuwa na fundi viatu, hapa palikuwa na Mhindi wa vioo, hapa Mgoa mshona suti. Jina likija, alishusha pumzi na kuendelea. Lisipokuja, alisimama palepale, watu wanampiga vikumbo, na mimi nikifungua mdomo kumsaidia alininyooshea kiganja ninyamaze. Matembezi yale yangekuwa raha kama si hofu. Mimi niliyahesabu majina pamoja naye moyoni.

Halafu redio ikatoa la usingizi. Daktari alisema mtu akilala ndipo ubongo unapojisafisha, na asiyelala vizuri anajitafutia kusahau. Sijui nani alimtuma kuwaambia hivyo wanawake wenye hofu. Bi Mauza, aliyekuwa akilala vizuri tu maisha yake yote, akaanza kukesha akiogopa kukesha. Macho yakaingia ndani. Baada ya muda akaniambia amepata ufumbuzi, sasa analala kama mtoto, na mimi nikashukuru Mungu wala sikuuliza ufumbuzi gani.

Lakini kulala kule hakukumletea nafuu yoyote. Mchana alisinzia juu ya mizani. Midomo ilimkauka, chupa ya maji haikumtoka mkononi, na ulimi ukawa mzito kama wa mtu aliyetoka kwa daktari wa meno. Alimfungia mteja binzari ya manjano badala ya bizari nyembamba. Alimwita binti yake Nawal kwa jina la marehemu dada yake yeye Bi Mauza. Kila jambo la namna hiyo likitokea alikuwa akinitazama haraka kuona kama nimeona. Niliona. Nilimwambia kila moja, kama nilivyoahidi, na kila nilipomwambia alijibu tu kwamba sawa, ataongeza kutembea.

Mwaka huo mifungo yetu iliingia pamoja, Ramadhani na Kwaresma, nyumba mbili ukuta mmoja na wote tuna njaa. Kila Ijumaa ya Ramadhani Bi Mauza hupika sufuria kubwa la bokoboko, ngano na nyama vikapikwa na kupondwa mpaka vikawa kitu kimoja laini. Bakuli zinagawanywa mtaani kwa ajili ya futari. Wanapata wajane, wanapata walinzi na wabeba mizigo, na fundi saa Abdulatif anayekaa ghorofa ya mbele, ambaye hana mtu wa kumpikia. Masheikh wanasema mwenye kufunga akitaka kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, hapana ubaya. Bi Mauza hataki kusikia. Yeye akifunga, amefunga. Kwa hiyo tangu tumekuwa majirani, ulimi wa sufuria lile ni wangu. Ananiita kupitia dirisha la uani, "Mama Steven, chumvi," nami naja na kijiko changu.

Ijumaa ile aliniita, nikamjibu kwamba leo ni Ijumaa ya Kwaresma, nyama siigusi, na mchuzi wa nyama ni nyama. Miaka mingine mifungo haikuwa inakutana hivi, kwa hiyo hatukuwahi kulifikiria. Akasema basi leo tutauamini mkono. Nikaenda zangu kanisani kwenye Njia ya Msalaba.

Niliporudi giza lilikuwa limeingia na bakuli zilikuwa zimerudi. Bi Mauza alikuwa jikoni peke yake, amekaa mbele ya sufuria na taa haijawashwa. Aliniambia kwa sauti ya chini kabisa yaliyotokea. Yeye hula mwisho, akishasali na kuhakikisha kila mtu amepata. Alipotia kijiko mdomoni alikuta chumvi ya kukausha samaki. Alikuwa ametia mara mbili, pengine mara tatu, na hakumbuki hata moja. Lakini si hilo lililomkalisha gizani. Kabla yake walikuwa wamekula watu wote. Abdulatif alikuwa ameshampigia simu kumshukuru. Nawal, aliyekuja na wanawe kutoka Kigamboni, alikula mbele yake mpaka akamaliza bakuli.

"Wote wamesema tamu," akaniambia. "Tamu, Mama, Mungu akuweke."

Niliwasha taa ili nifanye kitu.

Nawal si mtoto mbaya, ninamsema kwa haki. Alivuka kivuko Magogoni usiku ule huku analia, na alipofika kwake alimpigia kaka yake Ghassan, anayefanya kazi Muscat. Kesho yake Ghassan akampigia mama yake, simu iko spika, mimi nipo pale nachambua karafuu. Alizungumza kwa adabu zote. Alisema Mama umechoka, Mama umefanya kazi ya kutosha, nakuja baada ya Idi na tiketi yako, duka litafungwa, kwangu kuna chumba chako chenye kiyoyozi na msichana wa kukuhudumia. Bi Mauza alijibu inshallah. Simu ilipokatika akaniuliza atafanya nini mtu kama yeye Muscat, ambaye Kiarabu chake ni cha kusalia tu, wajukuu wakisema haraka haelewi hata nusu. Huko kila atakalosema ataitikiwa ndiyo. Nilitaka kumtukana Ghassan, nikakosa pa kuanzia, maana hakuna neno baya alilosema.

Siku chache baadaye tulikuwa tunarudi kutoka Mnazi Mmoja. Tulikuwa tumetembea vizuri, mtihani wake umekwenda karibu wote. Tulipoingia mtaani kwetu akasimama. Nilidhani anamtafuta marehemu mmoja kwenye orodha yake, nikasubiri. Lori la sukari lilikuwa linapiga honi tupishe njia. Kisha vidole vyake vikanikamata kifundo cha mkono, vya baridi, na akanisogelea sikioni.

"Mama Steven, kwetu wapi?"

Mlango wake ulikuwa mbele yetu. Ule mlango wa mbao, na kufuli aliyoifunga mwenyewe, na alama za hina ambazo Nawal alipaka ukutani alipokuwa mdogo. Tungenyoosha mikono tungeugusa. Sijawahi kuogopa hivyo maishani, hata siku walipokuja kuniambia habari za Polycarp. Siku hiyo angalau watu walipiga mayowe. Asubuhi ile kila mtu aliendelea na biashara yake, na mimi nimeshikwa mkono na mwanamke aliyezaliwa ndani ya nyumba ile anayeniuliza iko wapi.

Nikamwambia, "Ni hapa, Bi Mauza. Mlango ndio huu." Aliuangalia muda mrefu. Nilipoona umemrudia, na machozi yanaanza, nikamwambia na lile jingine aliloniagiza, kwamba amepungua, na leo tunaenda hospitali, hatungoji mtu. Akaniomba watoto wasijue. Nikasema sitawapigia simu, lakini wakiniuliza sitadanganya.

Tulikwenda hospitali moja upande wa Posta. Nilimlazimisha abebe dawa zake zote, kwa sababu mimi mwenyewe ni mtu wa presha na najua daktari huanzia hapo. Daktari alikuwa mwanamke kijana, Dokta Nasma, akatuamkia shikamoo kwanza ndipo akaketi. Alimpa Bi Mauza maneno matatu ayashike, ndizi, mlango, shati. Akampa karatasi achore saa. Nilitazama saa ile inavyochorwa na nikageuza uso, kwa sababu tarakimu zote zilikwenda kurundikana upande mmoja, na upande wa pili ukabaki mweupe. Maneno matatu alipoulizwa, alikumbuka mlango tu.

Dokta Nasma hakushtuka. Aliuliza kuhusu chakula, presha, sukari, kuanguka, masikio, majonzi. Kila alichouliza Bi Mauza alikuwa na jibu, maana miezi yote ile alikuwa amefanya kila kitu kinachofanywa. Nilianza kumwonea uchungu. Alikuwa kama mwanafunzi aliyesoma sana na bado anafeli. Kisha daktari akaomba kuona dawa. Vikatoka vidonge vya presha. Daktari akauliza kama ni hivyo tu, na Bi Mauza akasita, akaingiza mkono mkobani, akatoa kopo la iliki.

Ndani hakukuwa na iliki. Kulikuwa na vile vidonge vidogo vya njano ambavyo watu humeza kwa mafua na mwasho, ambavyo kila mtu anajua vinaleta usingizi. Alikwenda duka la dawa akaomba kitu cha kumlaza, wakampa, hakuna aliyemwuliza umri. Viwili kila usiku. Tangu redio iseme la usingizi.

"Bibi, mdomo unakukauka?" daktari akauliza. "Mchana unasinzia?"

Bi Mauza akaitikia kwa kichwa.

"Hizi zinakulaza kweli, lakini kwa umri wako haziishii usiku. Zinakaa kichwani mchana kutwa, na zinaweza kuleta usahaulifu huu tunaouona. Tuziache. Sisemi hakuna kingine, hilo sijui bado. Mrudi baada ya mwezi mmoja tupime tena."

Nilitoka pale nimekasirika, sijui namkasirikia nani. Nilimkasirikia muuza dawa, nikamkasirikia daktari wa redioni, nikajikasirikia mwenyewe na shukrani zangu zisizouliza maswali. Mwanamke ameacha sukari, ameacha samli, ametembea mpaka kandambili zimeisha soli, anautunza ubongo kwa mkono mmoja na kuulevya kwa mkono wa pili. Bi Mauza yeye alikuwa na neno moja tu la daktari kichwani. Kwenye taksi alilirudia mara kadhaa, kwamba hilo hajui bado.

Siku za kwanza bila vidonge zilikuwa ngumu. Daktari alimwelekeza apunguze kahawa baada ya futari, aache kulala mchana, aingie kitandani saa ile ile kila siku, na usingizi usipokuja asigombane nao. Aligombana nao. Nilikuwa namsikia ukutani anavuta tasbihi. Kidogo kidogo ukuta ukanyamaza. Midomo ikarudi rangi. Asubuhi moja tulipokuwa tunapita majina yakamtoka mfululizo, mshona suti, Mhindi wa vioo, na mtoto wa Mhindi, na mbwa wa Mhindi, akacheka mwenyewe. Nami nilicheka, lakini sote wawili tulikuwa tunaogopa kufurahi. Siku nzuri ilipokuja tulijiuliza ni vidonge vinaondoka, au ni ile akili ya dakika chache aliyoipata mama yake. Hakuna aliyelitamka.

Idi ikapita, mwezi wa daktari haujatimia, Ghassan akaja. Ni mtu mzima sasa, kanzu nyeupe, anakuja na harufu ya manukato kabla yeye hajafika. Alipiga magoti akambusu mama yake kichwani. Jioni alikuja dukani kwangu, akaniamkia, akaniuliza hali halisi. Nilimweleza yote. Nilimweleza kuhusu vidonge, kuhusu saa iliyochorwa upande mmoja, na kuhusu ile asubuhi mbele ya mlango. Alisikiliza bila kunikatiza. Akasema anashukuru, lakini vidonge au si vidonge, bibi yake naye alianza hivi hivi.

"Nami nilikunywa yale maji, Mama Steven," akasema. "Nilikuwa mtoto mdogo. Niliambiwa niseme tamu."

Baada ya hapo sikuweza tena kumchukia. Aliniambia tiketi ni ya Jumapili, na kwamba ataangalia hali ya mama kwa siku hizi mbili ndipo aamue. Kwa uso wake niliona ameshaamua.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Bi Mauza akainjika bokoboko kwa ajili ya mwanawe. Sikulala vizuri usiku wa kuamkia siku hiyo, na tangu asubuhi nilisikia mwiko unagonga sufuria, nikawa nauza mabeseni huku sikio liko uani. Sufuria lile ndilo lilikuwa mtihani, na kila mtu katika nyumba ile alilijua hilo. Karibu na adhuhuri nikasikia dirisha linafunguliwa.

"Mama Steven, chumvi."

Nilikwenda na kijiko changu kwa mazoea tu. Nilipoingia jikoni Ghassan alikuwa amesimama mlangoni, kaegemea fremu kwa bega, anatazama. Nikasema Bi Mauza, leo Ijumaa, Kwaresma haijaisha, na wewe mfungo umeshakwisha, si uonje mwenyewe. Alikuwa amesimama wima kando ya jiko, mkono wa kulia kaukunja kiunoni kama mtu mwenye maumivu.

"Onja," akasema.

Nikaonja. Ilikuwa tupu. Ngano na nyama, na hakuna chumvi hata punje, kama uji wa mgonjwa. Nilibaki na kijiko mdomoni. Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi wangu, umekamilika, na mtamu kuliko chakula chenyewe. Imekaa sawa, Bi Mauza. Halafu akienda kuchukua sahani mimi natupia chumvi, nakoroga, mtoto anakula, Jumapili ndege inaondoka bila yeye. Ghassan alikuwa ananiangalia mdomo. Nikisema kweli, namfungia sanduku kwa mkono wangu. Nilimwona Bi Anfal na kikombe chake cha maji ya moto.

"Haina chumvi," nikasema. "Hukutia kabisa."

Ghassan akainamisha kichwa. Sufuria likaendelea kutokota. Bi Mauza alinitazama, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyeibuka majini, kisha akauleta mbele ule mkono uliokunjwa, akaufungua. Chumvi ilikuwa humo. Ilikuwa imepimwa tangu saa ngapi sijui, imeloa jasho, imegandamana kwenye mistari ya kiganja. Akaipukutia sufuriani, akakwangua iliyobaki kwa kucha.

Hakunigeukia mimi. Alimgeukia mwanawe.

"Ghassan," akasema, "Muscat nani ataniambia hivi?"

Ghassan akaingia ndani, akapandisha mikono ya kanzu, akauchukua mwiko mkononi mwa mama yake na kuanza kukoroga. Nilitafuta kigoda nikakaa, na kinywani bado nina ladha ya nyama siku ya Ijumaa.

"Aika, Mama Steven," Bi Mauza akaniambia.